Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusaka Santuri Adimu za Soul na Historia za Lebo Zake

Maswali haya huulizwa na kila anayeanza kukusanya santuri ndogo za soul, muziki wa Wamarekani weusi, za miaka ya 1960, zile za inchi 7 zenye tundu kubwa katikati. Wengi huanza na bei. Ushauri wangu ni kuanza na lebo, yaani kampuni iliyotoa santuri: nani aliimiliki, santuri zake alizifyatulia wapi, na nini kilimkuta baadaye. Ukishayajua hayo, bei utaielewa bila kuelezwa, na atakayetaka kukuuzia bandia atapata kazi.

Hizi "soul adimu" ni zipi, na mbona Uingereza inatajwa kuliko Marekani zilikotoka?

Zilirekodiwa Marekani: Detroit, Chicago, Los Angeles, Philadelphia, New York, Washington, na miji mingi isiyokuwa na jina katika muziki. Ni vibao vya mwendo wa kasi vya katikati ya miaka ya 1960, vyenye mdundo wa aina ya Motown, kampuni kubwa ya Detroit, ambavyo kwao havikuuza. Muongo ule ulipokuwa unaisha, masikio ya Wamarekani yalishahamia kwenye funk, na santuri hizo zikabaki zimerundikwa maghalani.

Kaskazini mwa Uingereza vijana wa miji ya viwanda walikataa kuhama. Klabu ya Twisted Wheel mjini Manchester ilikesha na muziki ule mpaka ilipofungwa mwaka 1971. Ikafuata Golden Torch kule Tunstall, Stoke-on-Trent, halafu Blackpool Mecca, na Wigan Casino, iliyoanza mikesha yake tarehe 23 Septemba 1973 na kufunga milango Desemba 1981. Jina "Northern Soul" lilitoka kwa Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri London lililoitwa Soul City. Aliona mashabiki wa mpira kutoka kaskazini, wakija London kufuata timu zao, wanapita dukani kuulizia zile za kasi tu, akawa anawaelekeza wauzaji wake wawatolee soul ya "kaskazini". Mwaka 1970 akaliandika jina hilo kwenye safu yake katika jarida la Blues & Soul, nalo likashika.

Pale Wigan watu walicheza kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi, bila pombe kuuzwa. Dijei asiyekuwa na kibao kipya hakuwa na lake, na kipya maana yake kilikuwa cha zamani ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Ushindani huo ndio uliowapeleka Waingereza hadi kwenye maghala ya Marekani, wakifukua maboksi ya santuri zilizokwisha kusahauliwa hata na waliozitoa.

Inakuwaje santuri iliyododa sokoni iwe ghali kuliko iliyopendwa na mamilioni?

Iliyouza milioni moja, ipo milioni moja. Lebo ndogo ilifyatua nakala 500 au 1,000 za kuanzia, ikazigawa kwa vituo vya redio vya mjini kwake na kusubiri. Dijei wa redio asipoipiga, msambazaji anarudisha maboksi, na hadithi inaishia hapo.

Lakini kuna jambo ambalo wageni hulishangaa: hata kuvuma kuliweza kuiua lebo ndogo. Wimbo ukianza kupendwa, kiwanda kinataka fedha taslimu kifyatue nakala zaidi, wakati msambazaji anachukua mzigo kwa mali kauli na kulipa baada ya miezi, au asilipe kabisa. Mwenye lebo anajikuta ana kibao mjini na hana senti mfukoni. Ndiyo maana utakuta lebo zilizotoa santuri mbili au tatu, mojawapo nzuri ajabu, kisha kimya.

Mfano unaojulikana kuliko yote hautoki hata kwa lebo ndogo. Frank Wilson alirekodi "Do I Love You (Indeed I Do)" mwaka 1965 kwa Soul, moja ya lebo za Motown, namba 35019. Nakala za promosheni, zile za kupelekwa redioni, zilishafyatuliwa. Berry Gordy, mwenye Motown, akamuuliza kama anataka kuwa mwimbaji au mtayarishaji, Wilson akachagua utayarishaji, na nakala zikaamriwa ziharibiwe. Zilizonusurika zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa pauni 25,742 za Uingereza, na mwaka 2020 ikauzwa nakala kwa pauni 100,000. Wilson mwenyewe alikuwa mtayarishaji mkubwa, aliyefanya kazi na Supremes, Four Tops na Eddie Kendricks, na aliishi hadi 2012 akiwaona watu wa Uingereza wakiuimba kwa moyo wimbo aliouacha akiwa kijana.

Nikiishika santuri mkononi, nianze kusoma wapi?

Anza na karatasi ya katikati, na usome kila neno. Jina la mwimbaji liache la mwisho, kwa sababu ndilo linalodanganya kuliko yote: waimbaji walibadilishwa majina, na makundi yalibuniwa studio.

Tazama anwani. Marekani ilianza kutumia msimbo wa posta wa tarakimu tano, yaani ZIP, tarehe 1 Julai 1963. Kabla ya hapo miji mikubwa iligawanywa kwa kanda zenye namba fupi, hivyo anwani inaandikwa "Detroit 6, Mich." Santuri yenye namba fupi kwa kawaida ni ya kabla au karibu ya mwaka huo, ingawa lebo maskini iliweza kutumia karatasi za zamani hadi ziishe. Anwani inakuonyesha na mahali mtu alipofika maishani. Santuri za mwanzo kabisa za Tamla, lebo ya kwanza ya Gordy, zina anwani ya mtaa wa Gladstone, alikokuwa akiishi Gordy alipoanza mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwenye mfuko wa familia yake. Zilizofuata zina 2648 West Grand Boulevard, nyumba aliyoinunua na kuibandika jina Hitsville U.S.A.

Kisha tazama jina la kampuni ya haki za wimbo, lile linalofuatana na herufi BMI au ASCAP, vyama vinavyokusanya malipo ya watunzi. Wengi hulipita. Lebo tatu zenye majina tofauti na miji tofauti zikiwa na kampuni moja ya haki, mara nyingi nyuma yake yupo mtu mmoja, na hapo umeshapata ncha ya uzi.

Mwisho, alama ya P ndani ya duara. Sheria ya Marekani ilianza kulinda rekodi za sauti katika ngazi ya taifa tarehe 15 Februari 1972, na alama hiyo ikaanza kuonekana kwenye santuri za huko kuanzia hapo. Ukiuziwa santuri ya Kimarekani "ya 1966, toleo la kwanza kabisa" na alama hiyo ipo, mrudishie mwenyewe.

Na yale maandishi yaliyokwaruzwa kwenye ukanda laini, kabla ya karatasi, yana maana gani?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Shika santuri kwa ukingo, weka taa upande mmoja badala ya juu, halafu igeuze polepole mpaka mwanga uteleze kwenye ule ukanda unaobaki mifereji inapoishia. Utaona namba na alama. Nyingine zimekwaruzwa kwa mkono na fundi aliyekata wimbo, yaani aliyechonga mifereji yake, nyingine zimegongwa kwa mhuri. Karatasi ya katikati mtu yeyote mwenye mtambo wa kuchapia anaweza kuiiga. Alama hizi zimo ndani ya bamba la kufyatulia, na kuziiga kunahitaji kazi ambayo wezi wengi hawakujisumbua nayo.

Herufi "MR" ndani ya duara ni Monarch, kiwanda cha Los Angeles. Karibu yake utakuta pembetatu ndogo yenye namba ya kazi, na kwa kuwa namba zile zilipanda kwa mfululizo, santuri isiyo na tarehe unaweza kuiweka kati ya mbili ambazo tarehe zake zinajulikana. Muhuri wa "ARP" ni American Record Pressing ya Owosso, Michigan, kiwanda kilichofyatua sehemu kubwa ya santuri za Motown na za majirani zake wa Detroit mpaka kilipoungua mwaka 1972. "Bell Sound" ni studio ya New York iliyokata nyimbo nyingi mno za wakati ule. "Nashville Matrix" unaikuta kwenye santuri za lebo ndogo za Kusini na hata za mbali zaidi, na kwa nyimbo nyingi kuwepo kwake ndiyo tofauti ya asili na nakala ya wizi.

Kazi zilizopelekwa viwanda vya kampuni ya RCA zina zawadi yake: herufi ya kwanza ya namba ni mwaka. R ni 1964, S ni 1965, T ni 1966, U ni 1967, W ni 1968. Ukiona T4KM na namba nyuma yake, hiyo kazi iliingia kiwandani mwaka 1966, hata kama mwenye lebo hakuandika mwaka mahali popote. Kuna lebo ambazo tarehe zake zote tunazijua kwa njia hiyo tu.

Alama zote zinakili kwenye daftari kama zilivyo, hata zile usizozielewa leo. Herufi mbili zinazoonekana takataka zinaweza kuwa za kwanza za jina la fundi, na ukizikuta tena kwenye santuri ya lebo nyingine, umejua studio ilikuwa ipi.

Vinili na stirini, plastiki mbili za kufyatulia santuri, zinatofautianaje?

Vinili inapinda kidogo, na karatasi yake imeshikana na santuri kwa sababu viliingia pamoja kwenye mtambo wa joto. Stirini ni ngumu, nyepesi, ukiigonga kwa ukucha inalia kali, na karatasi yake imebandikwa kwa gundi, kwa hiyo huweza kubanduka. Monarch na viwanda vya Columbia vilitumia sana stirini kwa santuri za inchi 7.

Tofauti hiyo ina maana mbili kwa mkusanyaji. Kwanza, stirini huungua haraka kwa sindano mbovu, kwa hiyo inaweza kung'aa kama mpya ikatoa mkwaruzo mtupu pale wimbo unapoanza, mahali dijei alipokuwa akiirudisharudisha kutafuta mwanzo. Isikilize kabla ya kulipa. Pili, nakala nyingi za wizi zilifyatuliwa Uingereza kwa vinili. Wimbo unaojulikana kuwa ulitoka kwa stirini pekee ukiuona kwa vinili, uliza maswali.

Nakala za promosheni ni bora kuliko za dukani?

Hakuna kanuni moja. Marekani nakala ya redio ilikuwa na karatasi nyeupe au maneno ya "hairuhusiwi kuuzwa", na kwa santuri iliyofeli, nakala za redio zinaweza kuwa nyingi kuliko za dukani, kwa sababu duka halikuagiza kitu. Kwa nyingine hali ni kinyume. Uingereza nakala za promosheni za kampuni ya EMI za miaka ile zina herufi A kubwa upande wa wimbo uliokusudiwa, na watu huzilipia zaidi kwa uzuri wake peke yake. Binafsi nakala ya dukani inanigusa zaidi, hasa yenye jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu ya wino. Wauzaji huita hiyo kasoro na kushusha bei. Sawa, washushe.

Tundu dogo lililotobolewa kwenye karatasi halihusiani na promosheni. Ni alama kwamba mzigo ule uliondolewa sokoni na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Nitaijuaje ya bandia?

Bandia za soul zimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo uchakavu si ushahidi: bandia ya 1974 ina zaidi ya nusu karne na imezeeka kwa haki yake. Linganisha mambo manne na nakala inayojulikana kuwa ya asili: alama za ukanda laini, aina ya plastiki, unene wa herufi kwenye karatasi, na sauti. Karatasi iliyopigwa picha na kuchapwa upya hupoteza ncha za herufi, mistari myembamba huvimba, na rangi hukosa kina. Sauti ya bandia nyingi ni hafifu, kwa sababu ilitolewa kwenye santuri nyingine badala ya tepu mama; ukisikiliza kwa makini unasikia mikwaruzo ambayo macho hayaioni kwenye hiyo uliyoshika.

Usichanganye bandia na toleo la marudio lililo halali. Wimbo wa Frank Wilson ulitolewa rasmi Uingereza na Tamla Motown mwaka 1979. Hiyo ni santuri ya heshima, yenye bei ya kawaida, na mtu anayetaka kuucheza wimbo wenyewe hahitaji zaidi.

Nimesoma kwamba madijei walibandika karatasi juu ya lebo. Kwa nini?

Ili mpinzani asijue ni santuri gani. Dijei alibandika karatasi nyeupe na kuutangaza wimbo kwa jina la uongo, na kama wenzake wakitafuta, watafute lisilokuwepo. Waendesha mitambo ya muziki wa Jamaika walishakuwa na desturi ya kukwangua majina kwenye santuri zao kwa sababu hiyo hiyo. Wimbo wa Frank Wilson ulipigwa Wigan kwa jina la Eddie Foster, ambaye ni mwimbaji wa kweli mwenye santuri yake nyingine.

Desturi hiyo ilikuza msako, nalikubali hilo, lakini iliacha uharibifu unaotusumbua mpaka sasa. Majina ya uongo yaliingia kwenye bandia, yakatoka kwenye bandia yakaingia kwenye orodha za mauzo, na kuna waimbaji waliofariki huku wimbo wao ukijulikana kwa jina la mtu mwingine upande wa pili wa bahari. Ukikuta jina kwenye orodha ya zamani, usiliandike kuwa kweli kabla ya kuiona santuri yenyewe.

Historia ya lebo ninaifuatiliaje?

Anza na santuri, kama nilivyoeleza hapo juu: anwani, kampuni ya haki, majina ya watunzi na mtayarishaji, alama za kiwanda. Halafu panga namba za santuri kwa mfululizo. Pengo kwenye namba lina maana: ama kuna santuri hatujaiona, ama ilipangwa ikafutwa.

Hatua ya pili ni maandishi ya wakati ule. Magazeti ya biashara ya muziki, Billboard na Cash Box, yameskaniwa na yanasomeka mtandaoni. Usitafute jina la mwimbaji peke yake. Tafuta la mwenye lebo, la msambazaji, la mtaa. Katalogi za haki miliki za serikali ya Marekani nazo zimeskaniwa, na zinaonyesha wimbo ulisajiliwa lini na kwa jina la nani. Orodha za BMI na ASCAP zina majina halisi ya watunzi, na hapo ndipo jina la jukwaani linapovuliwa.

Hatua ya tatu ni watu. Wengi ni wazee sasa, na wengi hawajawahi kuulizwa. Ukimpata mtu, usianze kwa kumuuliza kama ana maboksi ya santuri zilizobaki. Muulize alifanyaje kazi yake. Nimeona mazungumzo mengi yaliyokufa dakika ya kwanza kwa sababu mpigaji simu alikuwa akiwaza mzigo.

Historia ya lebo inabadilisha unavyoiona santuri. Chukua Shrine ya Washington. Iliendeshwa katikati ya miaka ya 1960 na Eddie Singleton pamoja na Raynoma Gordy, aliyekuwa mke wa Berry Gordy na mmoja wa watu waliosaidia kuijenga Motown tangu chini. Walitoa santuri zisizofika 25, na karibu zote ni ngumu kupatikana. Inasimuliwa kwamba shehena iliyobaki iliteketea katika ghasia za Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa. Mtu anayeona nembo ya Shrine na kuwaza bei pekee amekosa habari kubwa: mwanamke aliyejua kila hatua ya kuendesha kampuni ya muziki alijaribu kuanza upya katika mji mkuu wa nchi, na mtaji haukutosha.

Au Stax ya Memphis. Jim Stewart aliianza mwaka 1957 kwa jina la Satellite, dada yake Estelle Axton akaungana naye, na mwaka 1961 wakalazimika kubadili jina kwa kuwa kulikuwa na Satellite nyingine. Stax ni herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Hadi 1968 karatasi yake ni ya samawati yenye mrundo wa santuri. Kisha ghafla inakuwa ya njano yenye mkono unaoalisha vidole, na namba zinaanza upya 0001. Sababu si urembo. Atlantic, waliokuwa wasambazaji, waliuzwa kwa Warner, na ndipo Stax walipogundua kwamba mkataba waliousaini mwaka 1965 uliwapa Atlantic umiliki wa rekodi walizosambaza. Walianza upya bila rekodi zao za nyuma, muda mfupi baada ya Otis Redding kufariki kwenye ajali ya ndege Desemba 1967. Walipigana mpaka Desemba 1975, mahakama ilipoifunga kampuni. Yote hayo yanaanzia kwenye rangi mbili za karatasi.

Lebo mbili zinaweza kuwa na jina moja?

Mara nyingi. Soul City ya Marekani ilikuwa ya mwimbaji Johnny Rivers, na ndiko walikotoa santuri zao The 5th Dimension na Al Wilson. Soul City ya Uingereza ilitokana na duka la Dave Godin. Hazina undugu wowote. Kwa hiyo andika jina la lebo pamoja na mji wake kila mara.

Nitafute toleo la Marekani au la Uingereza?

La nchi ya asili ndilo toleo la kwanza, na wengi husimamia hapo. Lakini matoleo ya Uingereza yana historia yake. Nyimbo za Motown zilipitia lebo za London American, Fontana, Oriole na Stateside kabla ya EMI kuanzisha lebo ya Tamla Motown Machi 1965, na zile za Oriole za 1962 na 1963 zilinunuliwa na watu wachache sana.

Mfano wa Darrell Banks unaeleza vizuri. "Open the Door to Your Heart" ilitolewa Detroit mwaka 1966 na lebo ya Revilot, ikapanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya R&B. Nakala ya Kimarekani utaipata bila shida na kwa bei ya mtu wa kawaida. Uingereza, lebo iitwayo London iliiandaa, kumbe haki alikuwa nazo mwingine. Ikaondolewa na wimbo ukatoka Stateside. Mwaka 2014 nakala ya dukani ya lebo hiyo ya London, pekee iliyokuwa ikijulikana, iliuzwa kwa pauni 14,543. Wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile. Ukitaka kuusikiliza, nunua ya Revilot na fedha inayobaki ununulie nyingine.

Herufi za hali, VG+ na nyinginezo, nizichukulieje?

Mint ni isiyowahi kuguswa, Near Mint inakaribia, VG+ (Very Good Plus) ina alama ndogo zisizosumbua, VG inasikika mikwaruzo lakini inavumilika, na Good, licha ya jina, ni mbovu. Waingereza huweka EX (Excellent) karibu na VG+. Kila muuzaji ana macho yake. Muombe aandike alivyoisikia, siyo alivyoiona.

Bei za kweli nazipata wapi?

Tazama bei zilizolipwa, achana na bei zinazoombwa. Tovuti ya Discogs inaonyesha historia ya mauzo, na ile ya Popsike inahifadhi matokeo ya minada. Angalia mauzo kadhaa, na angalia yalikuwa lini, maana wimbo ukipigwa na dijei mmoja mwenye jina, bei hupaa kwa miezi na kurudi. Bandia moja ikitoka pia huweza kuitikisa bei ya asili.

Soul ilifika kwetu Afrika Mashariki?

Ilifika, na ilipendwa mpaka ikaleta mzozo. Novemba 1969 uongozi wa mkoa uliokuwa na Dar es Salaam ulitangaza marufuku ya muziki wa soul madansini, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, na kukawa na ubishi mkali kwenye barua za wasomaji magazetini. Mtu haharamishi kitu kisichopigwa. Kwa hiyo santuri zilikuwepo mijini, nyingi zikiwa za majina makubwa kama James Brown na Otis Redding. Usitarajie kukuta Shrine kwenye sanduku la Kariakoo. Ila matoleo yaliyofyatuliwa Nairobi ya wanamuziki wa nje ni eneo ambalo halijaandikwa vya kutosha, na mtu wa hapa ana nafasi nzuri ya kuliandika kuliko mkusanyaji wa Manchester.

Bei hizi zikipanda, mwimbaji anapata nini?

Kwenye santuri ya mkono wa pili, hapati kitu. Hili linaniuma, na naona kila mkusanyaji ana deni hapo. Njia ya kulipunguza ni kununua matoleo ya marudio yenye leseni. Lebo ya Kent ya London, iliyoanza mwaka 1982 chini ya kampuni ya Ace, imepekua maghala ya tepu na kutoa hata nyimbo ambazo hazikuwahi kutoka. Numero Group ya Chicago, iliyoanza mwaka 2003, ilifungua mfululizo wake wa Eccentric Soul kwa Capsoul, lebo ndogo ya Columbus, Ohio, iliyokuwa ya mtangazaji wa redio Bill Moss. Maelezo yanayoambatana na matoleo hayo ni kazi ya utafiti kweli, yenye picha na masimulizi ya wenyewe. Na mwimbaji akialikwa kuimba mbele ya mashabiki akiwa na miaka 75, nenda.

Mzee wetu aliacha sanduku la santuri. Nifanye nini kwanza?

Usizifute na usizipige kwa gramafoni mbovu. Zile nzito za spidi 78 zisiguswe na spiriti, inaziyeyusha. Zisimamishe wima, mbali na dirisha. Kila moja ipigie picha pande zote mbili, na unakili alama za ukanda laini. Majalada ya karatasi yasitupwe hata yakiwa yamechanika, kwa sababu mhuri wa duka ulio juu yake unaeleza santuri ilinunuliwa mji gani. Kama wapo waliocheza naye dansi enzi hizo, wasomee majina na uandike wanachokumbuka, kabla mnunuzi wa kwanza hajaingia na kuchagua tatu.